Ling'oe Tu, Daktari

Katika vyumba vya matibabu ya meno vya hospitali za Tanzania, za wilaya kwa za rufaa, sentensi hiyo husikika kabla hata taa ya kiti haijawashwa. Mgonjwa ameingia ameshika shavu. Usiku hakulala. Anaketi, anaegemea, na kabla hajaulizwa chochote anasema: "Ling'oe tu, daktari." Kwake shauri limekwisha. Anachotaka ni sindano, koleo na pamba ya kuuma, kisha arudi nyumbani akalale.

Daktari anayeijua kazi yake hatangulizi koleo. Anatanguliza salamu, na kama aliyeketi ni mkubwa kwake, shikamoo haikosekani. Kisha anauliza: "Lilianza lini, mama?" Jibu la kwanza huwa ni juzi, au wiki iliyopita. Akiulizwa taratibu, mengine hutoka. Mwaka jana lilikuwa likishtuka akinywa maji ya friji. Baadaye likawa halitaki soda wala chai ya moto, akahamishia utafunaji upande wa pili. Mwezi uliopita liliuma siku tatu mfululizo, akameza vidonge, likanyamaza. Juzi ndipo liliporudi kwa kishindo. Mazungumzo hayo ya dakika tano ni sehemu kubwa ya uchunguzi, kwa sababu jino huharibika kwa hatua, na kila hatua ina maumivu yake.

Tabaka la nje la jino, enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, gumu kuliko mfupa. Halina neva. Vijidudu wanaoishi kwenye ukoga hula sukari tunayokula na kutoa asidi, asidi hiyo inayeyusha enameli kidogo kidogo, na mwenye jino hasikii kitu. Huenda akaona doa jeupe au la kahawia tu. Asidi ikishavuka na kufika kwenye dentini, tabaka la pili, hapo maji baridi na vitu vitamu huanza kushtua, kwa kuwa dentini ina vijitundu vyembamba mno vinavyoelekea kwenye kiini cha jino. Kiini ndicho chenye mishipa ya damu na neva. Vijidudu wakikifikia, kiini huvimba ndani ya chumba kisichotanuka, na ndiyo maumivu yale ya usiku yanayopiga kwa mapigo ya moyo.

Kisha hutokea jambo linalowapoteza wengi: neva hufa, na maumivu hutulia. Mtu husema dawa imemsaidia. Ndani, vijidudu wanaendelea kushuka kwenye mzizi, na usaha unaanza kukusanyika kwenye ncha yake, mfupani. Utulivu huo unaweza kudumu wiki au miezi. Jino ambalo lingezibwa kwa robo saa likiwa kwenye hatua ya maji baridi, sasa linahitaji matibabu marefu ya mzizi au kung'olewa.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya kinywa, iliyotolewa mwaka 2022, inakadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana ugonjwa fulani wa kinywa. Karibu bilioni 2 kati yao wana meno ya ukubwani yaliyotoboka na hayajatibiwa, na watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyo katika hali hiyo. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha kati na cha chini, ambako daktari wa meno yuko mbali na dawa za maumivu ziko jirani.

Woga una sehemu kubwa katika ucheleweshaji huu, na woga wenyewe una chanzo ambacho wagonjwa wachache wameelezwa. Dawa ya ganzi inayotumika zaidi ni lignokaini, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1943 na mkemia wa Sweden, Nils Löfgren. Kazi yake ni kuizuia neva isipitishe taarifa ya maumivu, na ili iifanye lazima ipenye ndani ya neva. Hupenya vizuri penye tishu yenye afya. Penye usaha na uvimbe pana asidi nyingi kuliko kawaida, na dawa ikimiminwa hapo sehemu yake kubwa hubaki nje ya neva. Kwa hiyo aliyesubiri mpaka shavu likavimba ndiye ambaye ganzi huweza kumshika nusunusu. Ndiye anayeumia kitini, na ndiye anayerudi mtaani kusimulia. Jirani yake mwenye tundu dogo husikia habari hiyo, akaahirisha, mpaka naye akaenda akiwa amevimba.

Mzunguko huu hauvunjwi kwa mabango ukutani. Unavunjwa kitini, na dakika zinazofuata sindano ndizo zenye uzito. Kwenye taya la juu mfupa una vijitundu, dawa hupenya upesi, na dakika mbili tatu hutosha. Taya la chini ni nene. Daktari hulazimika kuichoma karibu na neva yenyewe, nyuma ya gego la mwisho, kisha asubiri dakika tano hadi kumi mpaka nusu ya mdomo wa chini ihisi imevimba ingawa haijavimba. Daktari makini husubiri. Hugusa fizi kwa ncha ya kifaa na kuuliza, "Hapa unasikiaje?" Hueleza mapema kwamba mgonjwa atasikia kusukumwa na kubanwa, lakini hatakiwi kusikia kuchomwa, na kwamba akisikia kuchomwa ainue mkono wa kushoto, kazi itasimama. Ahadi hiyo ikitimizwa mara moja tu, mgonjwa huyo hatasubiri mwaka mzima safari nyingine. Foleni ikiwa ndefu nje, dakika hizo za kusubiri ndizo za kwanza kuibwa, na hilo ni kosa ambalo mgonjwa ana haki ya kulisemea: "Daktari, bado sijashikwa na ganzi."

Kabla ya kufika kitini, wengi wamepitia duka la dawa. Huko hununua vidonge vya maumivu na mara nyingi antibayotiki, zile za rangi mbili, kwa idadi inayolingana na fedha iliyopo mfukoni. Antibayotiki haiponyi jino lililotoboka. Damu ndiyo inayoisafirisha dawa, na jino ambalo kiini chake kimekufa halina damu ya kuifikisha. Dawa hupunguza uvimbe ulioenea pembeni, chanzo kikabaki palepale, na vijidudu waliosalia hujifunza kuihimili. Wapo pia wanaotia maji ya betri kwenye tundu ili "kuua jino". Asidi hiyo huunguza fizi na mfupa, na daktari hubaki na kidonda cha kutibu juu ya ugonjwa wa awali.

Karafuu ni habari nyingine. Watu wa pwani wameitia kwenye jino linalouma kwa vizazi, na hawakukosea. Mafuta yake yana yujenoli, kemikali inayotuliza neva, na madaktari wa meno kote duniani huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kupata dawa ya kuzibia jino kwa muda. Ile harufu inayompokea mtu mlangoni mwa kliniki nyingi za meno ni ya zao lililoifanya Pemba ijulikane duniani. Ila hata kliniki huitumia kama kitulizo cha siku chache huku matibabu yenyewe yakipangwa.

Uchunguzi wenyewe hautishi. Kioo kidogo chenye mpini, kichokonoo cha chuma, taa. Kliniki nzuri hupima shinikizo la damu kabla ya kung'oa jino la mtu mzima, na huuliza maswali ambayo mgonjwa anaweza kuyaona hayahusiani na meno: una kisukari? Unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi? Una ujauzito? Kila moja lina sababu. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona. Dawa za damu zinaweza kufanya pengo livuje damu kwa saa nyingi. Ujauzito hauzuii matibabu ya meno, kinyume na inavyosemwa sana. Miezi mitatu ya katikati ndiyo yenye nafuu zaidi kwa mama kuketi kitini, na usaha ulioachwa kinywani kwa miezi tisa ni hatari kuliko sindano ya ganzi.

Mahali penye mashine ya eksirei, picha huonyesha kile ambacho kioo hakifiki: ncha ya mzizi, mfupa, uozo uliojificha kati ya meno mawili. Picha ya kwanza ya meno ilipigwa Ujerumani na Otto Walkhoff mnamo Januari 1896, wiki chache tu baada ya Röntgen kutangaza ugunduzi wa miale hiyo, na Walkhoff alilazimika kutulia dakika 25 mbele ya miale ili ipatikane. Siku hizi ni chini ya sekunde moja.

Baada ya hapo ndipo swali la kung'oa au kutong'oa linapojibiwa, na hapo kuna kisa ambacho kila Mtanzania angepaswa kukijua.

Shule ya udaktari wa meno ya Muhimbili, wakati huo ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa mpango wa kupeleka huduma za kinywa kwa jamii, walimu wake walikabiliana na tatizo la wazi. Kuziba jino kulihitaji mashine ya kutobolea, mashine ilihitaji umeme na maji, na vijijini hapakuwa na umeme wala maji ya bomba. Aliyetoboka jino kijijini alikuwa na njia moja tu, koleo. Daktari Mholanzi aliyekuwa akifundisha hapo, Jo Frencken, na wenzake wakajaribu kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake. Mbinu hiyo ikapelekwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, ikafanyiwa utafiti wa kina, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka huo liliiweka Siku ya Afya Duniani kwa ajili ya afya ya kinywa, likaanza kuihimiza kwa mataifa mengine. Leo inafundishwa vyuoni katika nchi nyingi. Ilianzia hapa.

Inavyofanyika, mtu anaweza kuitazama hatua kwa hatua. Mgonjwa hulala chali, hata juu ya meza ya darasa yenye godoro dogo, kichwa kikielekea dirishani penye mwanga. Jino huzungushiwa vipande vya pamba ili mate yasilifikie. Kwa kifaa chenye makali kama ya tezo ndogo, daktari hupanua mdomo wa tundu kwa kuvunja enameli iliyobaki bila msingi. Kisha huchukua kijiko cha chuma, kichwa chake kidogo kuliko punje ya mchele, na kukwangua dentini iliyooza. Hutoka laini na yenye unyevu, rangi ya hudhurungi. Anakwangua pembeni kwanza, chini mwisho, kwa mkono mwepesi, mpaka kijiko kiguse sehemu ngumu. Mara nyingi hakuna sindano inayohitajika, kwa sababu kilichoondolewa kimeshakufa na kilicho hai hakiguswi.

Msaidizi anachanganya unga na kimiminika kwenye kipande cha karatasi, haraka, kwa nusu dakika hivi, mpaka vipate mng'ao. Hii ni saruji ya ionoma ya kioo, iliyotangazwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ina sifa mbili zinazoifaa kazi hii: hushikamana na jino kwa kemia yake yenyewe, bila kuhitaji tundu kubwa la kujishikiza, na huachia floridi polepole inayolikinga jino. Daktari huijaza ndani ya tundu, hupaka vaselini kidogo kwenye kidole chenye glavu, na kukandamiza. Saruji iliyozidi hutoka pembeni na kuondolewa. Mgonjwa huuma, huambiwa aseme kama jino limekuwa refu, hupunguzwa kidogo, kisha huagizwa asile kwa saa moja. Imekwisha. Hakuna mlio wa mashine, na kwa mtoto, kutosikia mlio huo ni nusu ya tiba.

Mbinu hii haifai kwa kila jino. Inadumu vizuri kwenye matundu madogo ya upande mmoja wa jino. Yanayoenea pande mbili au tatu huachia mapema. Kiini kikishafikiwa, au usaha ukishatoka, saruji hiyo haina la kufanya. Lakini ubora wake umethibitishwa kiasi kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza ionoma ya kioo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na dawa nyingine ya matone iitwayo floridi ya diamini ya fedha, ambayo hupakwa kwenye tundu na kusimamisha uozo. Doa hubaki jeusi, na mzazi lazima aambiwe hivyo kabla, lakini jino la mtoto wa miaka mitatu huweza kuokolewa bila kuguswa na chuma.

Pale mashine na umeme vipo, daktari ana uwanja mpana zaidi. Matundu makubwa huzibwa kwa dawa ya rangi ya jino inayogandishwa kwa taa ya buluu. Ile ya fedha yenye zebaki, iliyotawala kwa zaidi ya karne, inapungua, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2022 kuwa isitumike kwa watoto chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima.

Jino ambalo kiini chake kimekufa bado linaweza kuokolewa kwa matibabu ya mzizi. Daktari hulifungua kwa juu, husafisha mifereji ya mizizi kwa tupa nyembamba mno, huiosha kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huijaza na kuifunga kabisa. Gego la chini huwa na mifereji mitatu au minne, na kazi hiyo inaweza kuchukua miadi miwili mitatu. Bei yake huipita ya kung'oa mara kadhaa, na hapo ndipo wagonjwa wengi hurudi kwenye sentensi yao ya kwanza. Hawapaswi kulaumiwa. Lakini wana haki ya kuambiwa mambo mawili kabla hawajaamua. Kwanza, pengo lina gharama yake: meno ya jirani huanza kuinama kuelekea kwenye nafasi, la juu yake hushuka, utafunaji huharibika, na jino la bandia litakalokuja kununuliwa halitakuwa bure. Pili, tundu dogo lingegharimu kidogo kuliko hayo yote. Mhudumu wa mapokezi pia aulizwe mapema kadi ya bima inalipia nini na hailipii nini. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ni wakati mwafaka kwa wananchi kujifunza kuulizia meno kama wanavyoulizia malaria.

Watoto wanahitaji ukurasa wao. Meno ya utoto ni 20, na huanza kuota kwenye miezi sita hivi. Wazazi wengi huyapuuza kwa kuwa yatang'oka. Ila karibu na umri wa miaka sita, nyuma ya meno yote ya utoto, huchomoza gego ambalo halikutanguliwa na kung'oka kwa jino lolote. Limekuja kimya, mzazi hudhani nalo ni la utoto, na likitoboka huachwa. Kumbe ni jino la ukubwani, la kukaa mpaka uzee, na lenye mikunjo mirefu inayonasa chakula. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la kwanza amwangalie kinywani leo, nyuma kabisa, chini na juu.

Kliniki zinazojua kuhudumia watoto hutumia utaratibu wa hatua tatu: eleza, onyesha, tenda. Mtoto huambiwa kitakachofanyika kwa maneno yake, kifaa huzungushwa kwenye ukucha wake ili akisikie, ndipo kiingie kinywani. Ziara ya kwanza inaweza kuishia kwa kuhesabu meno tu. Mzazi anayemtisha mtoto nyumbani kwamba asipotulia atapelekwa kuchomwa sindano na daktari wa meno anaibomoa kazi hiyo kabla haijaanza.

Lipo pia jambo zito zaidi. Kichanga akipata homa na kuharisha, katika baadhi ya jamii za Tanzania na nchi jirani huambiwa ana "meno ya plastiki", na mganga huchana fizi na kuchokoa vijijino vyeupe vya chonge ambavyo bado havijaota. Vile vyeupe laini ni meno halisi ya mtoto, yakiwa katikati ya kuumbwa. Watafiti wa meno wa Tanzania wameliandika hili kwa miongo kadhaa: watoto hufika hospitali wakiwa wamepungukiwa damu, wana maambukizi, wengine hufariki, na wanaopona hukua wakiwa wamekosa chonge au wakiwa na chonge za ukubwani zilizopinda. Homa na kuharisha kulikuwa na chanzo kingine, na maji ya chumvi na sukari pamoja na dawa sahihi ndivyo vilivyohitajika. Kila muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anapaswa kulizungumza hili waziwazi, bila kumwaibisha mama aliyekuja nalo.

Anayetoka maeneo ya Mlima Meru, na sehemu za Kilimanjaro, Manyara, Singida au Shinyanga, hufika kliniki na shida isiyo ya uozo. Meno yake yana rangi ya kahawia, mengine yana vishimo, na ameyasugua kwa kila kitu bila mafanikio. Ni floridi. Kiasi kidogo hulinda jino. Kiasi kikubwa, kinywewapo na mtoto wakati enameli ikiumbwa, yaani kabla ya miaka minane hivi, huiharibu kutoka ndani. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na chemchemi na visima vingi vya ukanda wa volkano vinakipita. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili maharage yaive upesi huongeza mzigo huo. Huko Ngurdoto, karibu na Arusha, kipo kituo cha utafiti kilichofanya kazi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa aliyekwisha kukua, daktari anaweza kukwangua tabaka jembamba la juu au kufunika meno ya mbele kwa dawa ya rangi ya jino. Kijana aliyezoea kuziba mdomo kwa kiganja akicheka anastahili kujua kwamba hilo linatibika, na kwamba halikutokana na uchafu wake.

Usafi wa vifaa mgonjwa anaweza kuukagua mwenyewe. Vifaa vya chuma hupikwa kwenye otoklevu, mashine ya mvuke wa shinikizo, kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa robo saa au zaidi, au kwa nyuzi 134 kwa dakika chache. Huwekwa ndani ya mifuko yenye alama zinazobadilika rangi zikishapata joto la kutosha. Mfuko ufunguliwe mbele ya mgonjwa, sindano iwe mpya, glavu ziwe mpya. Homa ya ini aina ya B husafiri kwa damu kidogo mno, na kuuliza si utovu wa adabu.

Kwa watu wazima, fizi huangusha meno mengi ambayo hayana hata tundu. Zikitoka damu wakati wa kupiga mswaki, watu huacha kupiga mswaki, na ukoga ukizidi huganda kuwa kama jiwe ambalo mswaki hauliwezi. Huondolewa kliniki, kwa kifaa cha mkono au mashine inayotetemeka, na damu hupungua katika siku chache. Hapo mswaki hurudi: mara mbili kwa siku, dawa yenye floridi, kisha kutema bila kusukutua kwa maji mengi ili floridi ibaki. Mti wa mswaki nao una kazi yake ukitumiwa kwa makini pande zote za jino. Anayetumia ugoro, au tambuu yenye tumbaku, aombe daktari amtazame chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili kinahitaji kupimwa.

Na jino likilazimika kung'olewa, basi ling'olewe na utaratibu wake ufuatwe. Pamba iumwe nusu saa bila kufunguliwa kila dakika kutazama damu. Siku hiyo mgonjwa asisukutue kwa nguvu, asivute sigara, asinywe kwa mrija, maana bonge la damu lililoganda kwenye pengo ndilo linalofunika mfupa. Likitoka, baada ya siku mbili hadi nne huja maumivu makali yenye harufu, na inabidi arudi kliniki kuoshwa pengo na kuwekewa dawa. Kuanzia siku ya pili, maji ya vuguvugu yenye chumvi, taratibu, baada ya kila mlo.

Hali moja haingoji miadi. Uvimbe ukishuka chini ya taya na kuwa mgumu, ulimi ukainuka, mgonjwa akashindwa kufungua kinywa au kumeza mate, sauti ikabadilika na homa ikapanda, usaha wa jino umeanza kuenea shingoni na unaweza kuziba njia ya hewa. Huyo apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji wa kinywa usiku huo huo. Huko watahakikisha kwanza anapumua, watachana na kumwaga usaha, watampa dawa kwa mshipa, na kulitoa jino lililoanzisha yote.